Filamu za mtoto na mnyama: zipi zinamwacha mnyama abaki mnyama?

MwanaSinema (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Naomba tujadili filamu za watoto zinazohusu urafiki wa mtoto na mnyama. Hadithi yake karibu wote tunaijua: mtoto mpweke, mara nyingi amefiwa na mzazi au amehamishiwa mahali asikomjua mtu, anakutana na farasi, mbwa, ndege au nyangumi, na kuanzia hapo kuna kiumbe mmoja anayemngoja yeye. Nimezitazama nyingi, za zamani na za sasa. Baadhi ni kazi kubwa kabisa za sinema. Nyingine zinawapa watoto uongo kuhusu wanyama, na uongo huo unaweza kuwaumiza. Kwa maoni yangu, tofauti iko hapa: je, mnyama ameachwa abaki mnyama, au amegeuzwa mtoto mwenye manyoya?

Mtoto akitaka kupatana na mtoto mwenzake ana maneno. Ataomba radhi, ataahidi, atachekesha, hata atadanganya. Mbele ya farasi vyote hivyo havina kazi. Kinachobaki ni mwili wake: anasimamaje, anakaribia kutokea upande gani, mkono umetulia au unatetemeka, ana subira kiasi gani. Utamu wote wa hadithi hizi uko hapo, na filamu inayompa mnyama akili ya binadamu inautupa utamu huo kabla haijaanza.

Chukueni The Black Stallion ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Carroll Ballard. Meli inazama, na mvulana na farasi wa Kiarabu wanajikuta peke yao kwenye kisiwa kisicho na watu. Sehemu ya kisiwani inakwenda muda mrefu bila neno hata moja. Kuna mahali mvulana anamnyoshea farasi mwani, pale ufukweni. Farasi anautaka lakini anaogopa. Anasogea, anarudi nyuma, anasogea tena. Mwongozaji mwingine angekatakata picha: uso wa mtoto, jicho la farasi, muziki juu, kwisha. Ballard anaiacha kamera itulie nasi tunangoja. Hakuna aliyemwambia mtoto anayetazama kwamba hapa pana hatari, ila anaiona kwenye masikio na kwato. Baadaye mvulana anapanda mgongoni kwa mara ya kwanza akiwa baharini, maji yakimbeba yeye na farasi pamoja. Yeyote aliyewahi kuwa karibu na mnyama mwoga anajua kwamba imani hujengwa hivyo, hatua ndogo ndogo, nyingine za kurudi nyuma.

Sasa tuitazame njia ya mkato. Miaka mia moja hivi iliyopita, mwongozaji wa Kirusi Lev Kuleshov alionyesha kwamba uso uleule wa mwigizaji ukiunganishwa na sahani ya supu, watu wanaona njaa. Ukiunganishwa na jeneza, wanaona huzuni. Hisia inazaliwa kwenye maungio ya picha. Kwa mnyama ujanja huu unafanya kazi maradufu, maana uso wake haujui hata kama unaigiza. Mbwa anayemkazia macho mkufunzi aliyeshika kipande cha nyama nyuma ya kamera anaweza kuonekana anamhurumia mtoto anayelia. Siukatai ujanja wenyewe, bila huo sinema isingekuwepo. Ninachokataa ni kuutumia kumvisha mnyama fikra zinazopingana na mwili wake. Sokwe anayetoa meno yote mbele ya kamera, na watoto wakaambiwa anacheka, kwa kawaida anaonyesha sura ya woga. Watoto wanacheka pamoja na mnyama aliyeogopa, na hakuna mtu mzima anayewasahihisha.

Kipimo cha pili ni kuagana. Katika filamu hizi mtoto anapata rafiki ambaye hawezi kubaki naye milele, na hapo ndipo unapojulikana kama ule ulikuwa urafiki au umiliki. Fly Away Home (1996), ambayo pia ni ya Ballard, inalibeba jambo hili vizuri kuliko nyingi ninazozijua. Binti amefiwa na mama, anahamia kwa baba asiyemzoea, anaokota mayai ya bata bukini na kuyaangua. Vifaranga wanamfuata yeye kama mama, kwa sababu ya ile tabia iliyochunguzwa na Konrad Lorenz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973: vifaranga wa bata bukini humfuata kiumbe wa kwanza anayetembea mbele yao wakidhani ndiye mzazi. Lakini bukini ni ndege wa kuhama. Mzazi ndiye anayewaonyesha njia ya kusini, na hawa mzazi wao hana mabawa. Kwa hiyo binti na baba wanajenga vindege vyepesi vya injini na kuruka mbele yao. Hilo halikutoka hewani. Mwaka 1993 Mkanada Bill Lishman na mwenzake waliwaongoza kwa vindege bukini 18 kutoka Ontario hadi Virginia.

Angalieni ujumbe wa kazi ile yote: kila saa ya jasho inafanywa ili ndege wasimhitaji tena. Mtoto anampenda mnyama kwa kumsaidia aende zake. Sijaona hadithi nyingi za watoto zenye ujasiri huo.

Karibuni tuchangie.

Mama Watatu

Asante kwa uzi huu, kaka. Nina hoja moja kutoka upande wa sisi tunaokaa na watoto baada ya filamu kwisha. Kwa nini lazima mnyama afe au aondoke? Mwanangu wa katikati alilia hadi akakataa kula, na kwa siku kadhaa akawa ananiuliza kama na paka wetu ataondoka. Tangu hapo nikiona dalili za kuagana naruka mbele. Najua wapenzi wa sinema mtasema naharibu. Lakini mtoto wa miaka 5 ana haja gani na majonzi ya aina ile?

MwanaSinema

Dada, hoja yako ni nzito, nami sitaki kuijibu kwa mkato.

Kwanza, kuna vifo vya aina mbili kwenye filamu hizi. Kipo kifo kinachowekwa kwa kuwa mtunzi amekosa mwisho na anajua machozi yatamwokoa. Hicho ruka bila kusita. Kipo pia kinachotokana na hadithi yenyewe. The Yearling ya 1946 inamhusu mvulana anayelea mtoto wa paa. Paa anakua na kuanza kula mimea ya shamba linaloilisha familia maskini, na ua haumzuii. Hakuna mwovu pale. Paa anafanya vile paa wanavyofanya, na familia ina njaa kwelikweli. Au Kes ya Ken Loach, 1969, kuhusu mvulana wa mji wa machimbo ya makaa ya mawe Uingereza na kipanga wake. Ndege anauawa kwa hasira za kaka mtu. Inauma mno, ila kila kitu katika nyumba ile kilikuwa kinaelekea huko.

Pili, hizo mbili si za mtoto wa miaka 5. Hata wa miaka 8 ningesubiri. Kosa linafanyika pale watu wanapodhani kila filamu yenye mtoto na mnyama kwenye bango ni ya watoto wadogo.

Tatu, kuondoka si kufa. Hapa nakuomba usiruke mbele. Mtoto akiona farasi anarudi porini, au ndege wanatua walikokuwa wanakwenda na kubaki huko, kisha filamu ikamwonyesha yule mtoto mwenzake analia na bado anaishi, amepewa kitu cha maana. Ukikata pale anabaki na wasiwasi bila jibu, maana alishaanza kuhisi kuagana kunakuja. Mwambie kabla: "Mwishoni huyu ndege atakwenda kwa wenzake, na atakuwa salama." Kumwambia mapema hakuondoi utamu kwa mtoto mdogo. Watoto wadogo hupenda kujua mwisho, ndiyo maana wanaomba hadithi ileile kila usiku.

Kijana wa Katuni

Mkuu, umewaonea wanyama wanaozungumza. Sungura na Fisi wamezungumza tangu enzi na enzi na hakuna mtoto aliyedhurika. Katuni nazo zimo humo humo. Na vipi kuhusu Babe? Nguruwe anazungumza mwanzo hadi mwisho na ni filamu nzuri ajabu.

MwanaSinema

Hapa tunakubaliana zaidi ya unavyodhani. Sungura wa hadithi ni mjanja fulani tunayemjua mtaani aliyevaa masikio marefu, na mtoto anaelewa hilo tangu neno la kwanza. Hakuna anayetoka kwenye hadithi ya Sungura akaenda kumsogelea sungura wa kweli akidhani atamjibu. Mapatano kati ya msimulizi na msikilizaji yako wazi.

Ninaowalalamikia ni wale wanaotumia mnyama wa kweli, katika dunia inayoonekana ya kweli, kisha wakamfanya aelewe Kiingereza chote, achague upande katika ugomvi wa watu wazima, na amwokoe mtoto kila dakika ya 80. Hapo mipaka imefutwa.

Babe (1995) ni kesi ya pekee. Ndiyo, nguruwe anazungumza. Lakini tazama jinsi mkulima na nguruwe wanavyoelewana: mkulima hasikii neno. Anamtazama tu yule nguruwe anafanya nini na kondoo, na anaamini macho yake kuliko kicheko cha majirani. Kati ya binadamu na mnyama ukimya umelindwa. Tena, kwa kuwa nguruwe wadogo hukua haraka mno, walihitajika vitoto vya nguruwe 48 kuigiza mhusika mmoja, pamoja na midoli ya mashine. Yule "rafiki mmoja" tunayempenda kwenye skrini alikuwa kundi zima.

Kwa katuni nasema hivi: zile bora zaidi katika aina hii mara nyingi zinamnyima kiumbe maneno hata kama zingeweza kumpa. Mchoraji anaweza kufanya lolote, akachagua kukaa kimya. Kwangu huyo ni msanii anayejiamini.

Bwana Mifugo

Naomba niingie kwa sababu kazi yangu ni wanyama, na mada hii inanigusa kwa njia ambayo huenda wapenda filamu hawaioni.

Filamu hizi zinawafunza watoto kwamba mapenzi yanatosha. Mtoto mwema anamkumbatia mbwa mkali, mbwa analainika. Katika maisha, mbwa anayekumbatiwa na mtu asiyemjua hujihisi amebanwa. Huanza kutoa taarifa: anapiga miayo bila usingizi, analamba midomo bila chakula, anageuza kichwa pembeni, weupe wa macho unaonekana. Taarifa zisiposomwa ananguruma. Kunguruma kusiposikilizwa anauma. Watafiti Uingereza wameona kwamba watoto wadogo wakionyeshwa picha ya mbwa anayetishia kwa meno, wengi humwona anatabasamu. Yaani mtoto anaona tishio anadhani anakaribishwa.

Na kung'atwa si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu maambukizi yote kwa binadamu yanatoka kwa mbwa. Asilimia 40 hivi ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya akapate chanjo hata kama kidonda ni kidogo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara unaua. Waambieni watoto wasifiche. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kugombezwa, au kwa sababu wanampenda yule mbwa na hawataki apigwe.

Kwa hiyo naunga mkono kipimo cha mwanzisha uzi. Filamu inayomwonyesha mtoto akingoja mnyama aje mwenyewe inaokoa vidole, na pengine maisha.

MwanaSinema

Bwana Mifugo, ubarikiwe. Nilikuwa naliona suala hili kama la sanaa, na umenionyesha kwamba ile picha ndefu ya mwani na farasi ni somo la usalama pia: mkono umenyooshwa, mwili umetulia, uamuzi umeachwa kwa mnyama.

Niongeze la utengenezaji, maana linahusiana. Kuna Mia and the White Lion (2018), ya Gilles de Maistre, iliyopigwa Afrika Kusini kuhusu binti na simba mweupe. Upigaji wa picha ulichukua miaka mitatu ili binti na simba wakue pamoja mbele ya kamera, chini ya uangalizi wa Kevin Richardson, mtaalamu wa simba. Hii ina uzuri na ina tatizo, na yote mawili yasemwe. Uzuri ni kwamba ukaribu unaouona ni wa kweli, hakuna kompyuta, na hadithi yenyewe inashambulia biashara ya kufuga simba ili waje wapigwe risasi na wawindaji wa kulipa. Tatizo ni kwamba mtoto anayetazama haoni ile miaka mitatu wala mtaalamu aliyesimama pembeni. Anaona binti anamkumbatia simba. Mzazi anapaswa kuijaza sehemu hiyo kwa mdomo wake.

Mwalimu wa Awali

Mimi nina swali. Umeandika kuhusu mnyama ndani ya hadithi. Vipi mnyama aliyeigiza? Watoto darasani ndicho wanachouliza kwanza: "Mwalimu, yule nyangumi sasa yuko wapi?" Nao wana haki ya kuuliza.

MwanaSinema

Hilo ndilo swali bora zaidi katika uzi huu, na jibu lake linafahamika kwa sababu ya mnyama mmoja: Keiko.

Free Willy ilitoka 1993. Mvulana asiye na kwao anafanya urafiki na nyangumi muuaji aliyefungiwa bwawani, kisha anamsaidia kutorokea baharini. Watoto wa dunia nzima walishangilia. Lakini Keiko, nyangumi aliyeigiza, alikuwa bado kwenye bwawa la bustani ya burudani jijini Mexico, bwawa dogo kwa mwili wake, na ngozi yake ilikuwa na ugonjwa. Alikuwa amekamatwa karibu na Iceland mwaka 1979 akiwa bado mdogo. Watu walipojua, wakachanga fedha, na watoto walikuwa miongoni mwa waliochanga. Mwaka 1996 alihamishiwa Oregon, Marekani, kwenye bwawa kubwa zaidi. Mwaka 1998 akarudishwa kwa ndege hadi Iceland, kwenye ghuba iliyozungushiwa wavu, akafundishwa upya kuishi baharini. Mwaka 2002 aliondoka, akavuka bahari hadi Norway.

Filamu ingeishia hapo. Keiko alipofika Norway aliwatafuta watu. Aliogelea kwenye maji ya karibu na pwani akiwaacha watoto wampande mgongoni. Hakuwahi kujiunga kikamilifu na nyangumi wenzake. Alikufa Desemba 2003 kwa nimonia.

Watu wanabishana hadi leo kama ile kazi ilifaulu. Mimi nasema ilikuwa sahihi kujaribu: aliishi miaka kadhaa katika maji ya bahari, akaogelea mbali kwa nguvu zake mwenyewe. Ila wajibu ulianza siku aliyotolewa kwa mama yake, na urafiki wowote na binadamu baada ya hapo, hata wa upendo kabisa, ulikuwa unamwongezea sababu ya kutokuwa nyangumi. Ningemwambia mtoto wa darasa la tatu au la nne hadithi hii yote, pamoja na mwisho wake.

Tena kuna waliojifunza. Kazi ya Lishman na bukini ilizaa juhudi nyingine: kuanzia 2001 korongo weupe wa Amerika, ambao walikuwa wamekaribia kutoweka, waliongozwa kwa vindege kutoka Wisconsin hadi Florida. Safari hii marubani na walezi walijifunika mavazi meupe mwili mzima na hawakuzungumza mbele ya ndege, ili vifaranga wasije wakamzoea binadamu. Walilea bila kuonyesha sura zao. Natamani mtu atengeneze filamu ya watoto juu ya hilo: mtoto ambaye rafiki yake hatakiwi kamwe kumjua.

Mwalimu wa Awali

Hiyo ningeipeleka darasani kesho. Basi nipe mpangilio, maana wazazi wananiuliza waanze na nini.

MwanaSinema

Mpangilio wangu, nanyi mnaruhusiwa kuupinga. Kwa wa miaka 5 hadi 7, Babe, mtu mzima akiwa pembeni, kwa sababu ina sehemu za kutisha na vifo vya wanyama. Kwa wa miaka 7 hadi 9, The Black Stallion, na tangulia kuwaonya kuhusu kuzama kwa meli, maana baba wa mvulana anapotea humo. Fly Away Home nayo inafaa umri huo, ingawa inafunguka kwa ajali ya gari inayomuua mama, kwa hiyo mtoto aliyefiwa karibuni asubiri. Free Willy kuanzia miaka 8, ikifuatiwa na habari za Keiko siku hiyohiyo. Kes waachie wa miaka 13 na kuendelea.

Baada ya filamu waulize swali moja tu: mnyama alikuwa anataka nini? Usiulize mtoto alitaka nini, hilo filamu imeshawaambia mara kumi. Wape karatasi wachore masikio, mkia na macho yalivyokuwa katika tukio walilolipenda. Mama Watatu, jaribu hilo na yule wa katikati, kwa kuanza na paka wenu.

Mama Watatu

Nitaanza na paka. Na ile ya bukini nitaiangalia kwanza peke yangu, kisha nimwite.